Habari za Mwenzako

Kila asubuhi, baada ya kuita majina, watoto wangu wa darasa la pili waligeukiana wawili wawili pale walipoketi wakapeana habari. Umekula nini, umeona nini njiani, nyumbani kumezuka nini. Kisha mmoja mmoja alisimama kusema, ila sheria ilikuwa hii: huruhusiwi kusema habari zako. Unasema za mwenzako. "Mwenzangu amekunywa chai ya maziwa." "Mwenzangu mbuzi wao amezaa pacha." Mimi nilichagua sentensi mbili tatu nikaziandika ubaoni, na hizo ndizo zikawa somo letu la kusoma siku hiyo, maana vitabu vilikuwa haba, na vilivyokuwepo vilisimulia mambo ya theluji na watoto wanaofuga sungura.

Nusu ya somo hilo niliitoa chuoni. Mkufunzi wetu wa saikolojia, mtu mwembamba aliyependa kufundisha akiwa amesimama mlangoni, alituambia kwamba mtoto hafundishwi kutoka hewani. Unaanza na anachokijua, ndipo umpeleke kwa asichokijua. Alisema pia kwamba hofu huziba masikio. Mtoto aliyeogopa anaweza kukutazama usoni kipindi kizima asisikie neno. Nusu ya pili niliigundua mwenyewe Garissa, nilipoona kwamba mtoto mwenye Kiswahili kidogo huona haya kujisemea, lakini ukimpa maneno ya mwenzake ayafikishe, haya humtoka. Amekuwa mjumbe. Na ili aweze kuyafikisha, sharti kwanza amsikilize mwenzake.

Nilifika Garissa nikimfuata mume wangu. Yeye alikuwa dresa, mfunga vidonda, amehamishwa kutoka hospitali ya Mombasa, na mimi nilikuwa mwalimu mpya ambaye cheti chake hakijakunjika. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Tulikwenda kwa msafara wa malori, askari mbele na askari nyuma, na tulipovuka daraja la Tana tulishushwa sote tukapekuliwa, hata sufuria zangu zikafunuliwa moja moja. Serikali iliwaita Wasomali waliopigana nayo kutoka msituni mashifta. Watu wa mji hawakuwaita kwa jina lolote mbele yetu. Wakitaka kuwataja waliinua kidevu kidogo kuelekea mashariki, basi.

Darasani nilikuta watoto wamejipanga wenyewe. Mbele walikaa watoto wa watu wa serikali, makarani na askari kutoka bara, kwa kuwa hao Kiswahili walikijua. Nyuma walikaa watoto wa Kisomali, wa wafanyabiashara wa mjini na wa wafugaji waliowekwa kwa jamaa zao wapate kusoma. Mwalimu aliyenitangulia alifundisha madawati ya mbele. Wa nyuma walikuwa wakiimba tu wanachoimba wenzao.

Nikawachanganya. Mwalimu mkuu, mtu wa makamo ambaye alikuwa amekaa Garissa tangu wakati wa Mwingereza, alisimama dirishani akanitazama nikihamisha madawati.

"Hayo ni ya chuoni, mwalimu," aliniambia baadaye.

"Ndiyo, ni ya chuoni."

"Haya. Jaribu."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka.

Wasichana darasani walikuwa wachache sana, na wawili kati yao niliwaweka dawati moja. Mmoja alikuwa binti wa koplo wa polisi. Kwao ni bara, upande wa mlimani. Alikuwa mrefu kuliko umri wake, mapengo mbele, na mdomo usiotulia. Wa pili alikuwa binti wa Kisomali aliyeishi na bibi yake mtaa wa Galbet. Bibi huyo, ambaye mtoto alimwita ayeeyo, aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Baba na kaka zake walikuwa na ngamia wao upande wa Balambala, wakihama na malisho. Huyu wa pili, majuma yake ya kwanza, sikusikia sauti yake kabisa. Nilijua ana sauti kwa sababu wakati wa mapumziko niliona midomo yake ikicheza sikioni mwa binti wa koplo.

Siku aliposimama kwa mara ya kwanza alishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

"Mwenzangu," alisema, "babake bolisi."

Darasa likacheka. Binti wa koplo hakucheka. Aligeuka akawatazama wale waliocheka mpaka wakanyamaza, kisha akamnong'oneza mwenzake, "Polisi."

"Ndiyo," akasema yule. "Bolisi."

Nikaandika ubaoni, tukasoma. Tangu siku hiyo alisema kila asubuhi. Alichota Kiswahili chote cha rafiki yake, pamoja na lafudhi ya bara ndani yake, na rafiki yake naye akaanza kuapa wallahi kwa kila jambo dogo, wallahi penseli yangu imevunjika, wallahi sijamsukuma. Nilifurahi. Nilimwandikia mkufunzi wangu barua ndefu ya majivuno kuhusu mpango wa madawati. Hakunijibu, au majibu yake hayakufika. Wakati ule barua nyingi hazikufika.

Nilijaribu na mengine. Hesabu niliihamishia mapema asubuhi, kabla malori ya jeshi hayajaanza kupita, kwa kuwa nilikwisha kuona kwamba lori likinguruma barabarani watoto wote hugeuza vichwa pamoja, na huchukua muda mrefu kurudi. Tulihesabu kwa kokwa za mikoma walizookota wenyewe ukingoni mwa mto. Mtoto aliyekosea sikumchapa. Nilimpa kokwa zaidi. Kwa miezi kadhaa nilidhani darasa langu ni chumba kilichosimama peke yake, na vita viko nje.

Bibi wa yule msichana ndiye aliyekuja kwanza. Alikaa sakafuni kwenye kizingiti, chombo chake cha maziwa kando, akakataa kiti. Mjukuu alisimama katikati yetu akitafsiri.

"Ayeeyo anauliza, kwa nini mimi nakaa na mtoto wa askari."

"Mwambie ni rafiki yako, na mnasaidiana kusoma."

Wakazungumza. Bibi alinitazama mtandio wangu na mikono yangu yenye chaki.

"Anasema, wewe ni Muislamu. Unajua askari wanafanya nini huko nje?"

Nilijua kiasi. Mume wangu aliyaona hospitalini, na baadhi yake alinieleza. Nilisema, "Mwambie najua."

Bibi alikivuta chombo chake cha maziwa karibu. Kisha akasema maneno machache, na mtoto akayatafsiri akitazama chini. "Anasema, basi nifundishe vizuri. Tukisimamishwa njiani, mimi ndiye nitamsemea."

Koplo naye alikuja, siku nyingine, na sare yake, kofia ameivua. Alikuwa mtu mpole wa sauti nzito. Alicheka akinieleza jinsi binti yake anavyomwamkia kwa Kisomali kila anaporudi. Huku akicheka macho yake yalikuwa ubaoni. Nilikuwa nimeandika: Kaka yake amekuja kutoka Balambala.

"Huyo ni kaka wa nani?" aliuliza.

"Wa mtoto mmoja. Tunajifunza kutumia neno kutoka."

"Ni yule rafiki ya msichana wangu?"

Alikuwa anajua.

"Alikuja na kibali?"

"Sijui, afande. Ni habari za watoto."

Aliusoma ubao tena, midomo ikicheza kidogo kama mtu asiyesoma kwa haraka. "Futa, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimesoma na nimesahau. Kesho anaweza kuja mwingine."

Alipoondoka nikafuta. Siku iliyofuata niliwaambia watoto kwamba habari zetu zitakuwa za chakula, za wanyama na za michezo. Tusiseme nani amekuja wala nani ameondoka. Nilidhani nitalazimika kueleza. Hakuna aliyeuliza. Walielewa kabla sijamaliza kusema, wote, wa mbele na wa nyuma, na nikaona kwamba wamekuwa wakielewa muda mrefu kuliko mimi.

Baada ya hapo somo lilianza kunyauka. Nani amekuja na nani ameondoka ndiyo yalikuwa maisha yao. Nilipoyatoa, kilichobaki kilikuwa chai. Niliambiwa chuoni nianze na anachokijua mtoto, na hakuna aliyenifundisha la kufanya pale ambapo anachokijua mtoto ni kitu kinachoweza kumfungisha baba yake.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita, na barabarani yalikuwa yameanza kufukiwa mabomu. Asubuhi moja mume wangu alirudi kutoka zamu wakati napika uji. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono katikati ya magoti.

"Gari la polisi limekanyaga bomu barabara ya Wajir," alisema. "Wameletwa alfajiri."

Nilimuuliza ni nani. Akamtaja koplo.

"Amekufa?"

"Alikuwa amekwisha kufa walipomleta."

Nikakumbuka kuzima jiko. "Mkewe anajua?"

"Hajui. Mkubwa wao ametoka na gari jingine kwenda pale mahali. Ameamuru asiambiwe mpaka arudi yeye mwenyewe, pengine saa sita. Tumekatazwa kusema." Akanitazama. "Na wewe sijakwambia."

"Mtoto wake atakuja shule."

"Pengine hatakuja."

Alikuja. Alikuja mapema, nywele zimesukwa upya, akiruka mstari wa mawe tuliopanga uani. Baba yake alikuwa ameahidi kurudi kesho yake. Aliahidi pia kumletea kutoka Wajir kengele ya ngamia, ile ya mti, kwa kuwa rafiki yake alikuwa amemsimulia jinsi inavyolia na yeye hakuwahi kuiona.

Rafiki yake alikuja amechelewa kidogo. Akaketi, akaweka kibao chake juu ya dawati, na hakumtazama mwenzake. Ndipo nilipojua kwamba anajua. Wauza maziwa huingia mjini alfajiri. Lori lililoleta maiti lilipita mbele yao. Nikatazama madawati mengine, nikaona vichwa vya watoto wa mjini vimeinama, na vya watoto wa askari vimeinuka kama kawaida. Nusu ya darasa walijua. Ni mimi mwenyewe niliyewachanganya, kila dawati mmoja anajua na mmoja hajui.

"Leo tuanze na hesabu," nilisema.

Lakini walikuwa wamekwisha kugeukiana. Ilikuwa desturi yao sasa, haikungoja amri yangu. Binti wa koplo alikuwa anasimulia kwa mikono yote miwili, anaonyesha ukubwa wa kengele, anaitikisa hewani. Mwenzake alisikiliza. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Nilichagua madawati ya mbali. Huyu chai, yule maandazi, mwingine paka wao amepotea. Nilisahihisha hata yasiyo na kosa, nikitafuta namna ya kuufikisha mwisho wa kipindi. Yule msichana akasimama bila kuitwa. Alinitazama, na kwa kitambo kidogo tulikuwa watu wawili wazima katika chumba kilichojaa watoto. Nilitaka kumwambia keti.

"Mwenzangu," alisema, "babake anarudi kesho. Anamletea kengele ya ngamia."

Hakukuwa na kosa hata moja. Binti wa koplo aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Maneno yake yamefika vilevile alivyoyatoa. Kisha akasimama yeye.

"Mwenzangu, wallahi, nyanya yake leo hajauza maziwa. Na amemwambia, akitoka shule, akimbie mbio mpaka nyumbani."

Watoto wakangoja niandike. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao na chaki mkononi. Nikaandika, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea: Baba anarudi kesho. Wakasoma. Wa mbele na wa nyuma, wanaojua na wasiojua, walisoma kwa pamoja nikionyesha neno kwa neno kwa kijiti, na nilisikia sauti ya wanaojua ikishuka mpaka ikabaki pumzi tu, na ya binti wa koplo ikapanda juu ya zote, maana ilikuwa sentensi yake.

Kabla ya mapumziko mwalimu mkuu alikuja mlangoni. Nyuma yake alikuwepo askari mmoja na mama jirani kutoka laini za polisi, zile nyumba za askari, leso amejifunga kichwani vibaya. Mwalimu mkuu akanena jina la mtoto. Mtoto akanitazama kuuliza kama achukue vitu vyake. Nilimwambia achukue. Alifunga kibao chake kitambaani bila haraka, akamwambia mwenzake, "Pengine baba amekuja leo," akatoka.

Mwenzake alibaki kwenye nusu yake ya dawati. Hakusogea katikati, wala siku hiyo wala siku zilizofuata.

Nilikwenda laini za polisi jioni kabla ya kafyu. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa bara wakiomboleza kwa lugha zao. Mjane alikuwa anafunga vyombo kwenye gunia. Walipewa nafasi katika msafara wa kesho yake, pamoja na jeneza. Aliponiona aliliacha gunia.

"Mwalimu, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua asubuhi, mama."

"Mtoto akakuja ukamfundisha."

"Nilimfundisha."

"Alisoma nini?"

Alingoja kidogo, kisha akarudia gunia lake. Binti yake alikuwa ameketi juu ya kitanda kilichokwisha ondolewa godoro. Nilipokaa karibu naye aliniuliza swali moja tu: "Yeye sasa atakaa na nani?"

Nikamwambia nitamtafutia mtu.

Nilimtafutia binti wa karani. Mama yake alikuja siku ya pili, akiwa na adabu kamili, akaniomba nimrudishe mahali pake pa zamani. "Si mimi, mwalimu," alisema. "Ni baba yake." Baada ya muda si mrefu karibu wazazi wote wa bara walikuwa wamekuja, na wazazi wa mjini nao walituma maneno ya namna hiyohiyo kupitia watoto wao. Mwalimu mkuu alinisaidia kurudisha madawati. Mbele na nyuma, kama nilivyokuta. Hakusema neno juu ya chuo, na nilimshukuru kwa hilo.

Wakati huo jeshi lilikuwa linafanya msako upande wa Balambala. Tulisikia ngamia na ng'ombe wa watu wamekusanywa na kuchukuliwa, wengine wamepigwa risasi malishoni, na watu wanahamishiwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Yule msichana aliendelea kuja shule. Kwa kuwa hakuwa na mwenzake, ilipofika saa ya habari nilikwenda nikaketi mimi kwenye nafasi ya binti wa koplo. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati, niliketi upande.

"Habari zako, mwalimu?" aliniuliza, kama sheria ilivyotaka.

Nilimwambia nimepika mchele jana ukaungua. Akasimama akalieleza darasa kwamba mwenzake mchele wake umeungua, wakacheka kidogo. Halafu nilimuuliza zake.

"Sina."

Siku iliyofuata alisema vivyo hivyo, na iliyofuata. Sikumlazimisha. Nilikaa naye tu, kwa kuwa hakuna kingine nilichojua kufanya. Asubuhi moja aliinamia sikio langu, akaweka kiganja chake kama alivyokuwa akifanya kwa rafiki yake.

"Ngamia yote imechukuliwa," alisema. "Kaka mmoja ameshikwa. Aabo, baba yangu, hatujui yuko wapi. Ayeeyo halii, anakaa tu. Mwalimu, usiseme."

Ilikuwa zamu yangu kusimama. Darasa zima lilinitazama. Nilisimama.

"Mwenzangu," nilisema, "hana habari."

Akaitikia kwa kichwa.

Wiki ile ile hakuja tena. Mtoto wa jirani yao aliniambia askari wamepita Galbet wakitenga watu wasiokuwa na shughuli ya mji iliyoandikishwa, na bibi na mjukuu wamepakiwa lori. Mwalimu mkuu alivaa koti lake, tukaenda pamoja ofisi ya wilaya. Karani alitusikiliza kwa heshima.

"Mtoto yuko na jamaa zake," alisema. "Watu wote wa upande huo wanawekwa pamoja. Ni kwa usalama wao."

"Kuna shule huko?" niliuliza.

"Itajengwa."

"Lini?"

"Mama, hata maji bado hatujafikisha."

Niliomba kibali cha kwenda kumwona. Alisema walimu hawapewi. Mwalimu mkuu aliniambia njiani kwamba tumefanya tulichoweza, na sauti yake ilionyesha kwamba yeye mwenyewe haamini kuwa tumefanya kitu.

Mume wangu alipelekwa kule na gari la dawa, kwa kuwa surua ilikuwa imeingia. Nilimpa kibao kipya na chaki ndani ya mfuko wa karatasi. Alirudi navyo. Alivua viatu vyake nje, akanawa mikono muda mrefu, kisha akanieleza. Watoto wengi wamelala tu. Dawa zilikwisha kabla hawajamaliza mstari wa kwanza wa vibanda. Alimuulizia bibi muuza maziwa wa Galbet, akaambiwa amefariki, kifua. Msichana alikuwa amechukuliwa na shangazi upande wa pili wa kijiji, lakini msafara ulikuwa unaondoka, na dereva alikwisha piga honi.

"Ungewaachia tu hicho kibao," nilisema.

"Nilitaka kuacha. Askari langoni alisema vitu vya kuandikia haviingii."

Alikaa na mfuko ule mapajani. Alikuwa amewaona watoto wengi siku hiyo ambao hakuweza kuwasaidia, na mimi nilikuwa namuuliza habari za mmoja.

Mkaguzi wa shule alifika muda fulani baadaye, kwa msafara, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amesikia kwamba kuna mwalimu Garissa anayefundisha Kiswahili kwa njia mpya, akataka kuona. Nilimwambia njia hiyo nimeiacha. Akasisitiza. Basi watoto wakageukiana, wawili wawili, kila mmoja na mtu wa kwao, wakanong'onezana kitambo, wakasimama.

"Mwenzangu amekunywa chai."

"Mwenzangu amekunywa chai na mkate."

"Mwenzangu amekunywa chai."

Ilipita dawati kwa dawati mpaka ukuta wa nyuma. Mtoto ambaye nilijua kwao hakujapikwa chochote tangu juzi alisema mwenzake amekunywa chai, na mwenzake akasema yeye pia amekunywa. Hakuna aliyekosea hata silabi. Mkaguzi alikuwa anaandika kwa furaha.

"Sarufi safi, upatanisho mzuri," aliniambia uani. "Ni nadra katika jimbo hili. Ungewaeleza walimu wengine. Siri yako ni nini hasa?"

Nilimwambia ni mazoezi.

"Na umewaondolea woga," alisema. "Hilo ndilo gumu kuliko yote."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alinipa mkono, akapanda gari, akaondoka kabla jua halijawa kali.

Vita vilipomalizika, mazungumzo yakafanyika, amani ikatangazwa, na seng'enge zikaanza kufunguliwa. Watu wengi hawakuwa na pa kurudi, kwa kuwa mfugaji asiye na mifugo hana malisho ya kurudia. Wakabaki kandokando ya mji, kwenye vibanda vya matawi na magunia. Watoto wao walianza kuja shule kwa wingi kuliko tulivyowahi kuona, na mwalimu mkuu alinikabidhi darasa la kwanza lililofurika mpaka nje.

Kila aliyetoka upande wa Balambala nilimuuliza juu ya yule msichana. Mmoja aliniambia alivuka mpaka na mjomba wake. Mwingine alisema yuko Wajir, ameozwa. Mtoto mmoja mdogo wa kiume, baada ya kufikiri sana, alisema anamfahamu, alikuwa anawafundisha wenzake kuhesabu ndani ya seng'enge kwa vijiwe, kisha akaugua. Nilimuuliza kama alipona. Akasema hajui, wao walihamishwa mstari mwingine.

Niliendelea kuuliza hata mwaka tuliohamishwa kurudi pwani, mpaka watoto wakawa wakiniona nakaribia wanatikisa kichwa kabla sijasema. Sikuwa na njia ya kujua yupi kati yao anasema kweli.